Yeye Husoma Mabango, Mimi Husoma Maandishi Madogo

Siku ya kufunga ndoa watu huahidiana mambo makubwa. Hakuna anayeahidi kumtafutia mwenzake miwani, wala kumgeuza ubavu saa nane za usiku ili kukoroma kutulie, wala kumnong'oneza jina la mtu anayemsalimia kwa bashasha zote bila kumkumbuka ni nani. Lakini mkishavuka miaka 45 hayo ndiyo yanayoijaza siku, na mimi nayapenda. Mume wangu anabisha hodi kwenye miaka 55, mimi namfuata kwa nyuma kidogo, watoto wamekua, na nikiulizwa ni kipindi gani cha ndoa yetu ninachokifurahia zaidi nitasema hiki, bila kusita.

Sababu yangu ni moja. Tulipokuwa vijana kila mmoja alikuwa amekamilika peke yake: macho yote, masikio yote, usingizi wote. Tulikaa pamoja kwa kupendana, si kwa kuhitajiana kusoma karatasi. Sasa kila mmoja amepungukiwa kidogo hapa na pale, na kwa bahati njema hatukupungukiwa mahali pamoja. Kwa hiyo tunajazana. Na katika kujazana huko nimemjua mume wangu kuliko nilivyomjua miaka ile ya nguvu.

Nianze na macho, maana ndiyo yaliyotuanza.

Mume wangu tangu utotoni aliona mbali kuliko mtu yeyote niliyewahi kutembea naye. Namba ya gari lililo mwisho wa barabara aliisoma huku anaongea mambo mengine. Mimi ni kinyume chake: navaa miwani ya kuonea mbali tangu shuleni, na bila miwani hiyo bango la barabarani kwangu ni rangi tu. Basi alipokaribia miaka 45, mkono wake ukaanza kunyooka. Karatasi aliisogeza mbali, simu akaishikia mbali, na ikafika siku mkono ukamwishia: maandishi yangali na ukungu, na mkono hauna pa kwenda tena.

Ndani ya jicho kuna lenzi. Kwa kijana ni laini, na akitazama kitu cha karibu lenzi hiyo hujitunisha kidogo, picha ikakaa sawa. Miaka inavyokwenda hukakamaa, na watu wengi huanza kuliona hilo kati ya miaka 40 na 45. Hakuna anayenusurika. Yangu imekakamaa vilevile, ila sisi ambao tangu zamani tunaona karibu tu tuna akiba yetu: tukivua miwani, maandishi madogo yanasomeka, kwa kuwa jicho letu lilielekezwa karibu tangu mwanzo. Kile nilichokihesabu kuwa upungufu tangu shuleni kimegeuka kuwa msaada wa nyumba nzima.

Usiku mmoja alishikwa na homa, na dawa ilikuwa mpya kwetu. Ndani ya boksi mlikuwa na kile kikaratasi ambacho bila shaka unakijua: chembamba, kimekunjwa mara nyingi, kimechapwa pande zote mbili kwa herufi ndogo mno. Alikikunjua juu ya kitanda, akakitazama, akanikabidhi bila kusema neno. Nikavua miwani, nikakisogeza hadi karibu kabisa na pua, yeye akanimulikia kwa tochi ya simu. Nikasoma: kila baada ya saa 8. Sasa ni saa ngapi? Saa ya ukutani iko mbali, na miwani yangu iko juu ya mto. "Nne na robo," akasema kutoka pale alipolala, homa na yote. Basi kidonge kinachofuata ni saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ile kazi ilihitaji jicho la karibu na jicho la mbali, na yote mawili yalikuwepo kitandani.

Tukiwa safarini mgawanyo ni huohuo. Yeye anasoma mabango, mimi nasoma ramani kwenye simu. Tukifika mahali pa kulala, yeye anatambua jengo kutoka mbali, mimi naandika fomu. Watoto wanatucheka kwa upendo, nasi tunacheka nao.

Masikio yakafuata. Hapa ilinibidi nisome kidogo, maana kwa muda nilidhani mume wangu amechoka kunisikiliza. Nilichokikuta kilinipa faraja kubwa. Umri unapoanza kugusa masikio, sauti nyembamba ndizo zinazoondoka kwanza. Sauti nene hubaki, kwa hiyo mtu anakusikia kabisa kwamba unaongea, ila baadhi ya konsonanti, hasa s, f, t na k, zinampotea, na hizo ndizo zinazotofautisha neno na neno. Sauti za wanawake na watoto nazo huelemea upande mwembamba. Nilipoelewa hivyo nikaanza kusikiliza anavyosikia yeye. Nikisema "angalia saa," anawasha taa. Nikisema "kaa hapa," anauliza inafaa nini. Irabu zimefika zote, salama kabisa; konsonanti ndizo zilizobaki njiani.

Tulijiwekea kanuni moja, na naipendekeza kwa yeyote aliye katika umri wetu: hakuna mazungumzo ya kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Mwenye neno ainuke amfuate mwenzake, aongee wanatazamana. Kanuni hii imefanya makubwa kuliko tulivyotarajia. Benjamin Franklin, yule mwanasiasa na mvumbuzi wa Marekani, aliyekuwa akitumia miwani ambayo kila kioo chake kina sehemu mbili, ya juu ya kuonea mbali na ya chini ya kuonea karibu, aliandika mwaka 1785 kwamba miwani ile ilimsaidia kuelewa Kifaransa vizuri zaidi mezani, kwa sababu aliweza kuona nyuso za waliokuwa wakizungumza. Nayaona hayo nyumbani kwangu. Mume wangu akiniona midomo, konsonanti zote zinarudi. Na kuna faida nyingine ambayo hakuna daktari aliyetuandikia: huwezi kuinuka, ukatembea hadi chumba cha pili, ukasimama mbele ya mtu, kisha ukamwambia neno la kuudhi ambalo ungelirusha kwa urahisi ukiwa umejikalia. Mengi huishia njiani. Yanayofika yanakuwa yamelainika.

Usiku nao una habari zake.

Anakoroma. Misuli ya koo hulegea mtu anapolala, na akilala chali ulimi unarudi nyuma na kubana njia ya hewa, ndipo ile ngurumo inapotoka. Dawa yetu ya kwanza ni kiganja changu begani kwake. Siku hizi hata haamki: namgusa, anageukia ubavu, kimya. Mwili wake umeujua mkono wangu hata usingizini, na hilo peke yake hunifurahisha hadi nakosa usingizi kwa muda. Lakini naomba nilisitishe cheko hapa. Kama mwenzako anakoroma kisha pumzi inakata kabisa, kimya kinatanda, halafu anashtuka akivuta hewa kwa nguvu, na mchana anasinzia hovyo, hilo si la kuchekea, ni la kumwona daktari. Mwenyewe hawezi kulijua kwa sababu amelala. Anayelijua ni wewe uliye macho pembeni yake. Sisi tulikwenda, tukaambiwa kwetu halijafikia huko, alale ubavu na apunguze uzito kidogo. Anapunguza.

Kwa upande wangu lilikuja joto. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na hesabu yenyewe hukamilika baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi, lakini vurugu huanza mapema zaidi. Homoni ya estrojeni inapopungua na kuyumba, ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili huwa nyepesi kupita kiasi. Joto likiongezeka hata kidogo tu, inaamuru mwili upoe mara moja: damu inakimbilia kwenye ngozi, uso unawaka, jasho linamwagika. Baada ya dakika chache linapita na unabaki unatetemeka kwa baridi, nguo imelowa.

Mara ya kwanza liliponijia usiku nilitupa blanketi lote upande wake, nikaketi. Akaamka akidhani kuna mwizi. Nikamwelezea. Kesho yake alikaa na simu kwa muda mrefu, mkono umenyooka, anasoma, na jioni akaja na maswali. Linaanzia wapi, kifuani au usoni? Upepo unasaidia? Nikushike au nisikushike? Hilo la mwisho lilinigusa sana, kwa sababu jibu lake linabadilika kila baada ya dakika mbili, na yeye alikubali libadilike. Sasa kitanda chetu ni kimoja na mablanketi ni mawili. Joto likija ananiuliza kwa sauti ya usingizi, "Mama, limekuja?" Nikisema ndiyo, mkono wake unapapasa ukutani hadi kwenye swichi ya feni. Likiondoka, mkono uleule unazima. Msimu wa baridi alilala na sweta na soksi, dirisha wazi, bila kulalamika. Nimewaambia marafiki zangu: ukitaka kujua kama mtu anakupenda, mtazame amevaa sweta kitandani kwa ajili ya joto lako.

Na wanaume wanaosoma haya, naomba niwaambie moja kwa moja. Mke wako hajabadilika tabia. Amekosa usingizi miezi na miezi, na mwili wake unampandisha na kumshusha bila kumuuliza. Soma kuhusu jambo hili kabla halijafika nyumbani kwako. Zipo tiba, lipo la kuzungumza na daktari, lakini kuna sehemu ambayo ni yako, nayo ni swichi ya feni.

Sasa kumbukumbu. Hapa ndipo tunapochekana zaidi.

Mimi siku hizi naweza kukuelezea mtu kuanzia kisogo hadi viatu, alivyocheka, aliketi wapi, alimwambia nani neno gani, na jina lake likagoma kwenye ncha ya ulimi. Mume wangu majina yote anayo, ila hakumbuki nani alikosana na nani. Kwa hiyo tukiwa na wageni hadithi tunaisimulia wawili. Naanza mimi, nikifika kwenye jina nanyamaza nusu pumzi, yeye analiweka, naendelea. Hasubiri niombe. Kuna wageni ambao hawajawahi kugundua kwamba jina halikutoka kinywani mwangu.

Mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1985. Watu walioishi karibu hugawana kazi ya kukumbuka, na kila mmoja hubeba si mambo yake tu, bali pia taarifa ya nani anajua nini. Mwaka 1991 walichapisha jaribio ambalo nalipenda mno. Walichukua wapenzi waliozoeana, na jozi nyingine za watu wasiojuana, wakawapa mambo ya kukumbuka. Walipoachwa wafanye wanavyojua, wapenzi waliwashinda wale wasiojuana. Lakini walipopangiwa nani akumbuke aina gani ya mambo, wapenzi wakafanya vibaya kuliko watu wasiojuana kabisa. Mpango wa nje ulikuwa umeuvuruga ule wa ndani.

Niliposoma hayo nikamfikiria binti yetu. Anatupenda, na kwa mapenzi yake alituona tunavyohangaika, akatutengenezea jedwali zuri kwenye simu: baba akumbuke bili na miadi ya gari, mama akumbuke siku za kuzaliwa na dawa. Rangi tofauti, kengele tofauti. Tulilifuata kwa uaminifu, na nyumba ikaanza kusahau vitu ambavyo haikuwahi kusahau. Mimi ndiye ninayekumbuka bili, kwa sababu naandika tarakimu. Siku za kuzaliwa ni zake, kwa sababu ni majina. Hatukuwahi kukaa kikao tukaamua hivyo. Ilijipanga yenyewe kidogo kidogo tangu watoto wakiwa wachanga. Tukamshukuru binti yetu, tukabaki na kengele za dawa tu, ambazo kwa kweli zinasaidia.

Kuhusu kazi za nyumbani sina mengi, maana zimeshaandikwa sana, ila kuna jambo moja limetufaa. Mwaka 1979 watafiti Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa, kila mtu kwa nafasi yake, ni kiasi gani cha shughuli za nyumba anakibeba yeye. Ukijumlisha mume na mke, kwa shughuli nyingi jibu lilizidi asilimia 100. Si kwamba watu wanadanganya. Unakumbuka kwa urahisi kile ulichokifanya kwa mikono yako, na cha mwenzako hukuwepo kukiona. Mume wangu akapendekeza tufanye kinyume: kila mmoja aandike orodha ya yale anayoyafanya mwenzake, ya kwake asiyataje. Tukaketi mezani, kalamu na karatasi. Yangu ilikuwa na milango anayoikagua kila usiku, balbu, taka, kiatu changu alichokibandika bila kuombwa. Yake ilikuwa ndefu kuliko nilivyotegemea, na katikati aliandika: "Ananisubiri nimalize sentensi." Hiyo sikuwahi kuihesabu kuwa kazi. Orodha ile ninayo hadi leo.

Watu wengine hutuambia tumefanana sura. Fundi mmoja aliyekuja kurekebisha bomba aliuliza kama sisi ni ndugu, tukacheka hadi akaona haya. Kuna utafiti wa mwaka 1987 wa Robert Zajonc na wenzake uliodai kwamba wanandoa hufanana zaidi kadiri wanavyoishi pamoja, na niliuamini kwa furaha. Baadaye, mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima picha za wanandoa 517 na hawakuona nyuso zikisogeleana. Waligundua kwamba wanandoa wana mfanano tangu mwanzo, kabla miaka haijawagusa. Mume wangu aliupokea utafiti wa pili kwa furaha kuliko ule wa kwanza. "Kwa hiyo nilikuchagua kwa sababu nilijiona," akasema, akaenda kujitazama kwenye kioo. Tulichoambukizana kweli ni ishara. Sote wawili tunakuna nyusi tukiwa na mashaka, na hakuna anayekumbuka ilianzia kwa nani.

Ningependa nikae kidogo kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike haya yote. Mume wangu ni mtu wa kuita. Anasimama dirishani na kusema, "Mama, njoo uone." Nakwenda. Ni ndege ameshika kijiti kirefu kuliko yeye mwenyewe na anajaribu kupita nacho kwenye tundu dogo. Anajaribu kwa ubavu, anajaribu kwa kichwa, kijiti kinagonga, kinaanguka, anashuka kukifuata. Tunamtazama. Mume wangu anamshauri kwa sauti: "Kigeuze, bwana, kigeuze." Ndege anakigeuza. Tunapiga makofi. Kisha kila mtu anarudi alikokuwa. Jumla ya tukio haifiki hata dakika tano, na halina faida yoyote unayoweza kuiandika mahali.

John Gottman, ambaye kwa miaka mingi alichunguza wanandoa katika Chuo Kikuu cha Washington, alizipa uzito miito midogo kama hii. Mtu anasema "tazama," au anavuta pumzi kwa sauti, au anasoma kichwa cha habari akitaka asikike, na mwenzake ama anamgeukia, ama anaendelea na lake, ama anamkaripia. Aliwafuatilia waliooana karibuni, akarudi kwao baada ya miaka sita. Wale waliokuwa bado pamoja, walipokuwa wakichunguzwa mwanzoni, waliitikia miito ya wenzao kwa takriban asilimia 86. Waliotengana walikuwa wameitikia kwa takriban asilimia 33. Kwa kawaida siamini sana takwimu zinazohusu mapenzi, kwa sababu ndoa ni nyingi na kila moja ina siri zake. Hii naiamini kwa sababu naishi ndani yake. Ndoa yetu imepita kwenye ukosefu wa fedha, misiba, na mwaka mmoja ambao tuliongea kwa shida sana. Hata mwaka ule aliniita dirishani. Na hata mwaka ule nilikwenda, nikasimama pembeni yake nimenuna, nikaona kilichokuwepo.

Ugomvi mwingi wa zamani tunao bado, na sioni kama utaisha. Yeye hupenda kufika mapema mno, mimi hupenda kufika kwa wakati, na tofauti hiyo tumeijadili tangu uchumba. Gottman huyohuyo anakadiria kwamba asilimia 69 ya mambo wanayobishania wanandoa ni ya kudumu, yanatokana na tabia na hulka, si ya kutatuliwa bali ya kuongelewa vizuri. Tangu nijue hivyo nimeacha kumshinda. Tukiwa na safari anavaa viatu saa nzima kabla, anaketi karibu na mlango, ananisomea habari kwa sauti wakati najiandaa. Zamani kuketi kule kulinipandisha hasira. Sasa nafurahia habari.

Mtoto wa mwisho alipoondoka nyumbani, tulipitia kipindi cha kutazamana. Nyumba ilikuwa kimya, na kila tulipofungua kinywa mazungumzo yakaenda kwa watoto: wamefika, wamelala, wamepiga simu. Tulikuwa wazazi kwa muda mrefu kiasi kwamba ile mada nyingine, ya sisi wawili, ilikuwa imeota vumbi. Nilimwambia waziwazi kwamba nimemkosa ingawa tuko chumba kimoja. Akasema hata yeye. Hatukujua tufanye nini, na nilijikumbusha jambo nililowahi kulisoma, la Arthur Aron na wenzake, waliochapisha mwaka 2000 majaribio yaliyoonyesha kwamba wenzi wakifanya pamoja jambo jipya na la kusisimua, hata la dakika chache, huridhika zaidi na uhusiano wao kuliko waliopewa jambo la kawaida lisilo na msisimko. Tulitafuta kitu ambacho sote hatukijui. Hilo ndilo sharti nililoliweka, kwa sababu kila kitu ambacho mmoja wetu anakijua, mwingine ameshazoea kumwachia.

Tukachagua kuogelea. Hakuna aliyejua. Darasa ni la watu wazima, na mwalimu ni kijana anayeweza kuwa mtoto wetu, mpole, mwenye filimbi. Siku ya kwanza tulishika ukingo wa bwawa kwa mikono yote miwili, bega kwa bega, tukipiga miguu hadi maji yakawarukia wenzetu wote. Nilikuwa sijavaa miwani, kwa hiyo sikuona nyuso za watu, na yeye alikuwa na maji masikioni, kwa hiyo hakusikia maelekezo. Mwalimu akasema jambo, mume wangu akanitazama, nikamrudia neno kwa neno tukiwa tunatazamana kwa mujibu wa kanuni yetu. Mwalimu akaonyesha kwa mikono jinsi ya kufanya, mimi nikamtazama mume wangu, naye akanionyesha.

Miguu yake ni mizuri, pumzi inamshinda. Mimi napumua vizuri lakini miguu inazama. Tunarudi nyumbani nywele zimelowa, tunabishana njia nzima kuhusu kiwiko kinapaswa kuwa wapi mkono unapoingia majini, na hatujazungumza habari za watoto hata kidogo hadi tumefungua mlango. Jana alilala chali sakafuni sebuleni, akaniomba nimshikie visigino ajaribu tena. Mwalimu amesema wiki ijayo tunaachia ukingo.